Maswali ya Wasomaji: Msamiati wa Kiingereza kwa Mwanafunzi wa Sekondari

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Ninasoma kidato cha pili katika shule ya kata wilayani Tandahimba. Tangu mwaka jana ninakariri kamusi ya Kiingereza kuanzia herufi ya A, maneno kadhaa kila usiku, na sasa nimefika C. Hata hivyo, nikifungua kitabu cha jiografia au cha historia bado aya nzima inanipita, na mengi niliyoyakariri nimekwisha kuyasahau. Je, nina tatizo la kumbukumbu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kumbukumbu yako ni nzima; ulichokosea ni kuchagua kitabu cha kukariri. Kamusi hupangwa kwa alfabeti ili mtu alipate neno upesi, wala mpangilio huo hauonyeshi neno lipi ni muhimu zaidi. Anayeikariri tangu mwanzo hukutana mapema na “abacus” na “abbey”, ambayo anaweza kumaliza sekondari bila kuyaona katika karatasi yoyote ya mtihani, ilhali “require” na “whereas”, yanayojitokeza sura baada ya sura, yanamsubiri huko kwenye R na W. Kwa mwendo wako utayafikia cheti cha kidato cha nne kikiwa kimeshatoka.

Maneno ya kitabu cha shule yako katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni maneno ya kila siku; Michael West, aliyechapisha orodha yake mwaka 1953, aliyakadiria kuwa kama 2,000, na hayo huna budi kuyajua yote. Kundi la pili ni istilahi za somo, kama “photosynthesis”, ambazo hazinitii wasiwasi sana kwa kuwa mwalimu wa baiolojia huzifafanua ubaoni, mara nyingi kwa mchoro. Kundi la tatu ndilo linalowaangusha wanafunzi wetu waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili: maneno kama “despite”, “significant”, “factor” na “whereas”, ambayo si ya somo lolote peke yake lakini yamo katika masomo yote. Mwaka 2000 mtafiti Averil Coxhead wa New Zealand alitoa orodha ya maneno ya namna hiyo, familia 570 (familia ni neno pamoja na maumbo yake, kama “require” na “requirement”), baada ya kuchambua matini za kitaaluma zenye takribani maneno milioni 3.5, akaona kwamba familia hizo huchukua karibu asilimia 10 ya matini hizo. Matini hizo zilikuwa za chuo kikuu, ni kweli, lakini mengi ya maneno hayo yamo pia katika vitabu vyako. Kwa bahati mbaya, mwalimu wa baiolojia hudhani ni kazi ya mwalimu wa Kiingereza kuyafundisha, naye wa Kiingereza ana mada zake za kumaliza.

Katika kundi hilo hilo la tatu ningeweka vitenzi vya maswali ya mtihani, tena ningeanza navyo. Tuseme swali la historia linakutaka “account for” kukua kwa Kilwa. Mwanafunzi asiyejua kwamba anaombwa sababu atajaza kurasa mbili kuhusu misikiti na majumba ya mawe, yote ya kweli, na alama azikose. Mwenzake atataja pepo za msimu zilizoleta majahazi, dhahabu iliyotoka Sofala na nafasi ya kisiwa katika biashara hiyo, kisha atafafanua kila sababu kwa sentensi chache, na atakuwa amejibu.

Weka basi kamusi rafuni, uifungue unapohitaji maana. Chukua daftari, na kila siku ya shule utoe maneno matano katika vitabu vyako vya darasani. Andika kila neno pamoja na sentensi ulimolikuta, andika maana yake kwa Kiswahili upande wa pili, kisha utunge sentensi yako kuhusu jambo unalolijua vizuri, kama vile mnada wa korosho katika chama cha msingi: “The price of cashew nuts fell, whereas the price of sesame rose.” Neno lisilotungiwa sentensi mimi silihesabu kuwa limejifunzwa.

Kuhusu kusahau, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe, yaliyoonyesha kwamba mtu husahau sehemu kubwa ya alichokariri ndani ya siku ya kwanza, na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hushinda marudio mengi ya mkupuo mmoja. Ziba upande mmoja wa daftari ujiulize kesho yake, kisha baada ya siku tatu, baada ya wiki, na baada ya mwezi. Neno likikushinda, lirudishe kwenye foleni kama jipya. Maneno kumi ya usiku mmoja yasiyorudiwa ndiyo uliyoyapoteza.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, Nachingwea. Niliishia darasa la saba na Kiingereza sikijui. Nitamsaidiaje binti yangu wa kidato cha kwanza? Nimnunulie simu?

JIBU: Dada yangu, kusoma na kuandika Kiswahili kunatosha kwa kazi hii. Mwambie awe na daftari la maneno kama nililoeleza hapo juu; lishike, msomee maana ya Kiswahili, naye aandike neno la Kiingereza kwenye karatasi. Wewe ulinganishe herufi kwa herufi na lililoandikwa daftarini. Dakika kumi baada ya chakula cha jioni zinatosha. Kisha mwambie akueleze kwa Kiswahili alichosoma siku hiyo. Akibabaika, aya hiyo hakuielewa, na aipeleke kwa mwalimu. Matamshi usiyasahihishe, kwa kuwa Kiingereza hakisomwi kama kilivyoandikwa.

Simu ina faida moja kubwa, nayo ni kamusi yenye sauti, na zipo zinazofanya kazi bila bando zikishapakuliwa. Lakini kama fedha ni ya kuchagua, nunua kwanza kamusi ya karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza lugha, inayofafanua maneno magumu kwa maneno mepesi na kutoa mifano ya sentensi.

SWALI: Nyumbani kwetu Newala tunazungumza Kimakonde. Jirani anasema ndiyo sababu wanetu hawashiki Kiingereza. Ni kweli?

JIBU: Si kweli. Mtoto anayejua kueleza kwa Kimakonde jinsi mkorosho unavyopata ugonjwa wa ubwiriunga anahitaji tu jina la Kiingereza la jambo ambalo tayari analielewa, na hiyo ni kazi nyepesi kuliko kujifunza jambo na jina lake kwa pamoja. Endeleeni kuzungumza naye.