Kikalamu cha waya kinapima nini?

SWALI: Shikamoo Dokta. Mimi ni mshonaji, mgongo unanisumbua tangu masika. Jirani akanipeleka kliniki ya tiba ya sindano. Kabla ya kunichoma, waligusa mikono na miguu yangu kwa kikalamu cha chuma chenye waya, kompyuta ikachora mistari 12, wakasema ni meridiani zangu, yaani njia ambazo tiba ya Kichina inasema nguvu ya mwili hupitia. Wa ini ulikuwa mfupi. Nikaambiwa ini limechoka, nikauziwa chupa mbili za vidonge. Sindano zimenipa nafuu. Je, mashine ile niiamini? – Mama Salha, Tanga

JIBU: Marahaba, Mama Salha. Pole sana, kuinamia cherehani kutwa nzima si mchezo.

Kipimo cha namna hiyo kilianza Japani mwaka 1950, kwa daktari Yoshio Nakatani. Kinapitisha umeme mdogo sana kwenye ngozi na kuangalia unapita kwa urahisi kiasi gani. Basi, ni hilo tu. Nilipokuwa mwanafunzi tuliwahi kuazima mita ya fundi umeme tukapima kiganja changu. Kikiwa kikavu, namba ya ukinzani, yaani jinsi ngozi inavyouzuia umeme, ilikuwa kubwa. Nikapanda na kushuka ngazi mbio hadi jasho likanitoka, namba ikaporomoka. Mwenzangu akakandamiza ncha kidogo, ikashuka tena. Ini langu lilikuwa lilelile muda wote huo. Kwa hiyo mstari wako mfupi unaweza kuwa umetokana na ngozi ngumu ya kidole, au na mkono mwepesi wa aliyeshika kikalamu.

Nafuu yako lakini siipuuzi hata kidogo. Ujerumani walifuatilia wagonjwa 1,162 wa mgongo, matokeo yakatoka 2007. Baada ya miezi sita, kati ya waliochomwa kwenye vituo vya Kichina, yaani sehemu za mwili zilizo kwenye meridiani, asilimia 47.6 walipata nafuu; kati ya waliochomwa juujuu, nje ya vituo hivyo, asilimia 44.2; kati ya waliopewa tiba ya kawaida, asilimia 27.4. Sindano ilisaidia, ila kufuata mistari ya meridiani hakukuongeza kitu cha maana.

Hata hivyo, mahali pa kuchoma pana uzito wake. Kuna kituo kiitwacho Zusanli: weka vidole vinne chini ya goti, kisha sogea kidogo upande wa nje wa muundi. Mwaka 2021 kundi la mtafiti Qiufu Ma lilionyesha kwamba umeme mdogo wa sindano kwenye kituo hicho, kwa panya, hupunguza uvimbe mwilini kupitia neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo kwenda viungo vya ndani, na tezi za adrenali, zilizo juu ya figo. Tumboni, umeme uleule haukufanya hivyo, kwa sababu neva zinazohusika zimejaa mguuni. Hiyo ndiyo ramani ninayoiamini mimi, ramani ya neva.

Endelea na sindano kama zinakufaa, mradi kila moja ifunguliwe kwenye pakiti mpya mbele ya macho yako. Ini linapimwa kwa damu. Nenda maabara ya hospitali wiki hii. Na zile chupa mbili ziweke kando mpaka majibu yatoke, kisha mpelekee daktari azisome vibandiko.