Laptop ina RAM GB 8 lakini inatumia 2.9 tu, na programu imegoma kuingia

Swali

Habari za kazi, fundi. Mimi natunza hesabu za SACCOS yetu ndogo. Mwezi uliopita tulinunua laptop iliyotumika, Core i5, RAM GB 8, Windows 10. Programu mpya ya uhasibu imekataa kabisa kuingia. Inaleta kibao cha bluu chenye maneno "This app can't run on your PC". Nikiangalia taarifa za mashine naona GB 8, lakini pembeni imeandikwa zinazotumika ni 2.9. Fundi wa mtaani anasema prosesa imechoka, tutafute mashine nyingine.

Halafu tuna programu ya zamani ya daftari la wanachama, inayosoma faili la Access. Kwenye laptop hii inapiga kazi vizuri. Nikiihamishia kwenye kompyuta ya mwenyekiti, ambayo ni mpya, inalalamika kuhusu "architecture mismatch". Haya ni matatizo mawili au ni moja? Na kweli tununue nyingine?

Jibu

Msinunue kitu, ndugu mhasibu. Prosesa haichoki namna hiyo, na hizo GB 2.9 ulizoziona ndizo zinazoumbua ugonjwa wenyewe. Tatizo ni moja, ila limekushika kwa ncha zote mbili: kwenye laptop yenu programu ni ya biti 64 na Windows ni ya biti 32, na kwa mwenyekiti mambo yako kinyume chake.

Anza na uthibitisho. Fungua Settings, ingia System, kisha About, na usome mstari wa "System type". Nina hakika utakuta maneno haya: "32-bit operating system, x64-based processor". Nusu ya kwanza inazungumzia Windows iliyowekwa, nusu ya pili inazungumzia prosesa. Maana yake chuma chenu ni cha biti 64, ila aliyepiga Windows aliweka ya biti 32. Mafundi wengi wana flashi moja ya siku zote, na ya biti 32 wanaipenda kwa sababu inakubali mashine nzee na mpya. Yeye anamaliza kazi haraka, wewe unabaki na nusu kompyuta.

Kuhusu kumbukumbu iliyopotea, ifikirie posta. Kila sanduku lina namba, na karani ana fomu yenye nafasi 32 tu, ndizo hizo biti 32, za kuandika namba hiyo kwa sifuri na moja. Namba zinazoweza kuandikwa humo ni 4,294,967,296, basi. Hizo ndizo GB 4. Ukijenga masanduku zaidi ya hapo yatakuwepo ukutani, lakini hakuna barua itakayoyafikia. Tena sehemu ya namba hizo hutengwa kwa ajili ya kadi ya picha na vifaa vingine, ndiyo maana umebakiwa na 2.9 wala si 4 kamili. RAM yenu ni nzima.

Programu ya uhasibu nayo imeandikwa kwa maagizo ya biti 64, na Windows ya biti 32 haina njia ya kuyaendesha, hata uibembeleze vipi. Unaweza kuwauliza waliowauzia kama wana toleo la biti 32, nanyi mkaendelea. Mimi nisingefanya hivyo. Mna GB 5 zilizolala bure, na matoleo ya biti 32 yanazidi kupungua. Windows 11 yenyewe haikutolewa kwa biti 32 kabisa.

Kwa hiyo mtapiga Windows upya. Hapa kuna jambo moja la kuelewa kabla hamjagusa kitu: kutoka biti 32 kwenda 64 hakuna njia ya kusasisha juu kwa juu. Ni kufuta na kuanza mwanzo, hivyo kila faili litoke kwanza kwenda kwenye diski ya nje. Tengeneza flashi ya GB 8 au zaidi kwa zana ya bure ya Microsoft, kwenye kompyuta nyingine yoyote, na sehemu ya "Architecture" chagua 64-bit. Kisha washa laptop kwa kutumia hiyo flashi. Usiifungue ukiwa ndani ya Windows ya sasa, itakugomea vilevile. Leseni haipotei mradi Windows iliyopo ilikuwa imeamilishwa kihalali na toleo ni lilelile, Home kwa Home, Pro kwa Pro. Ikikuuliza ufunguo, chagua kwamba huna, uendelee. Ikishaunganishwa na intaneti itajitambua.

Kwa kuwa Microsoft walisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, angalia pia kizazi cha prosesa. Core i5 iliyoandikwa mfano i5-8250U ni ya kizazi cha nane, na kwa Intel hapo ndipo Windows 11 inapoanzia. Kama ni ya nane kwenda juu, pigeni Windows 11 moja kwa moja.

Kabla ya kufuta, chungulieni printa. Windows ya biti 64 huendesha programu za biti 32 bila shida, lakini draiva ya kifaa, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa hicho, haina msamaha huo: lazima iwe ya biti 64. Niliwahi kufuta mashine ya duka moja kwa kujiamini, halafu nikagundua kiprinta chao cha risiti hakikuwahi kutengenezewa draiva ya biti 64. Nilirudisha ya zamani usiku uleule, bila malipo. Ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji wa printa yenu, tafuta namba ya modeli, uone kama draiva ya x64 ipo.

Na hilo jina x64 lisikuchanganye. Watu wengi wakikuta vitufe viwili vya kupakua, x86 na x64, huchagua x86 kwa hesabu kwamba 86 ni kubwa kuliko 64. Ni kinyume. x86 inatokana na prosesa ya Intel 8086 ya mwaka 1978, na kwenye kurasa za kupakua siku hizi humaanisha biti 32. x64 ndiyo biti 64, na pengine utaikuta imeandikwa amd64 hata kama prosesa ni ya Intel, kwa sababu AMD ndio waliotangulia kuuza prosesa za mtindo huu mwaka 2003. ARM64 iacheni, hiyo si ya mashine yenu.

Sasa tuje kwa mwenyekiti, kwenye utamu wenyewe.

Programu yenu ya wanachama ni ya biti 32, na hilo peke yake halina tatizo kwenye Windows ya biti 64. Tatizo ni kwamba haisomi faili la Access yenyewe. Inapitia kwa mpatanishi aitwaye ODBC, na ndani ya ODBC kuna jina la chanzo cha data, DSN, linaloelekeza faili liko wapi na lisomwe kwa draiva gani. Sheria ni kali: programu ya biti 32 haiwezi kubeba draiva ya biti 64 ndani yake. Aliyewawekea alifungua ODBC ya biti 64, akatengeneza DSN kwenye kichupo cha "User DSN", na jina hilo likaonekana pande zote mbili. Programu ikaliona, ikalishika, ikakuta draiva si ya kabila lake. Ndipo ikatoa hayo maneno ya "architecture mismatch".

Windows ya biti 64 ina zana mbili za ODBC, zinafanana kama mapacha. Andika ODBC kwenye sehemu ya kutafutia utaziona, moja imemalizia na 32-bit, nyingine 64-bit. Ukiamua kuzitafuta kwenye folda, jiandae kucheka: zote mbili zinaitwa odbcad32.exe, ya biti 64 imekaa ndani ya System32, na ya biti 32 imekaa ndani ya SysWOW64. Majina yamepishana hivyo kwa sababu programu nyingi za zamani zilikuwa zimezoea kutamka System32, wakaona waliache jina lilipo.

Fungua kwanza ile ya biti 64, uifute DSN ya wanachama humo. Ukijaribu kuifuta kutoka upande wa biti 32 itakuletea kosa lilelile, maana nako inahitaji draiva iliyoitengeneza. Andika mahali jina lake kwanza, herufi kwa herufi, kwani programu inaiita kwa jina hilohilo. Kisha fungua ya biti 32, ongeza DSN mpya kwa jina lile, chagua draiva ya Access, na uielekeze kwenye faili. Funga programu, uifungue tena.

Utakapofika kwenye kuchagua draiva, kitakachoamua ni mkia wa faili. Likiwa .mdb, umepona: draiva yake ya biti 32 inakuja na Windows. Likiwa .accdb mtahitaji injini ya Access ya biti 32, na kisakinishi chake hukataa kukaa pamoja na Office ya biti 64. Kuna ujanja wa kukilazimisha kupitia mstari wa amri. Nimeshakuta mashine zilizofanyiwa hivyo, Office ikawa inajirekebisha kila unapofungua Excel, siupendekezi. Kama mwenyekiti ana Office ya biti 64, iondoeni muweke ya biti 32 kwa leseni ileile. Kwa barua na majedwali ya kawaida hataona tofauti yoyote.

Laptop yenu ikishapata Windows ya biti 64, DSN ya wanachama itabidi itengenezwe upya nayo, kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo anzia kwa mwenyekiti. Usifute laptop mpaka umeona daftari la wanachama limefunguka kwake na salio la mwanachama mmoja mmoja linalingana.