Mkazo wa maneno ambatano ya Kiholanzi

Ndugu, umeuliza kwa nini wenyeji hawakuelewi unapotamka "slaapkamer", yaani chumba cha kulala. Nadhani unaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama tulivyozoea sisi Waswahili: slaap-KA-mer. Kwa Kiholanzi, maneno mawili yakiunganishwa, kwa kawaida mkazo mkuu hubaki kwenye neno la kwanza. Kwa hiyo ni SLAAP-ka-mer, na vilevile ZIE-ken-huis, hospitali (zieken ni wagonjwa, huis ni nyumba).

Kukata neno mwishoni mwa mstari nako kunafuata mshono, yaani pale maneno mawili yanapoungana. "Avondeten", chakula cha jioni, ni avond + eten, kwa hiyo katika maandishi hukatwa avond-eten, si avon-deten. Ukiukosea mshono, maana inageuka kabisa. Chukua "massagebed": massage + bed ni kitanda cha kukandia mwili, lakini massa + gebed ni sala ya umati! Herufi ni zilezile.

Yapo yanayokwenda kinyume, na haya yakariri tu: stad-HUIS (ofisi kuu ya mji), bur-ge-MEES-ter (meya). Tena uwe makini sana na "voorkomen". VOOR-komen ni kutokea, voor-KO-men ni kuzuia. Ukimwambia daktari neno hilo kwa mkazo usio wake, umesema kitu kingine.

Kila ukikutana na neno refu, tafuta kwanza mshono, ndipo ulitamke.