Msilipe hiyo sola kabla hamjahesabu magunia ya makaa

Dadangu wa Free Area, kama pesa hazijatoka mkononi, zishike hapo hapo. Nimesoma swali lako mara mbili. Mko watano kwenye nyumba moja Nakuru, mmechanga elfu 70, muuzaji ameshawaandikia bei ya paneli, betri na inveta, kile kifaa cha kugeuza stima ya betri iwe ya soketi, na mnataka nyumba yenu ipunguze hewa ukaa, ile gesi ya moshi inayoongeza joto la dunia. Umeuliza pia kuhusu maji, takataka na usafiri wa kwenda kazini. Hayo nitayagusa nikikumbuka. Hiyo sola ndiyo imeninyima usingizi, kwa sababu mimi na wenzangu watano tulipita njia hiyo hiyo kule Migosi, Kisumu, na elfu 84 zetu zikaenda na maji.

Nikuulize kwanza: mnapikia nini? Umeeleza taa, friji, televisheni, pasi, hata chaja za simu. Jiko hujalitaja popote. Na sisi hatukulitaja.

Tulikuwa sita, kila mmoja akatoa elfu 14. Muuzaji wa vifaa vya sola alitufuata mpaka sebuleni, maneno yake matamu kama asali. Akatuonyesha kwenye simu picha za nyumba za ng'ambo, akasema stima ya kawaida ndiyo inayochafua hewa, na kwamba paneli mbili tu zingeifanya nyumba yetu safi kuliko zote mtaani. Mmoja wetu akamuuliza stima ya Kenya inatoka wapi. Akajibu, "Stima ni stima, ndugu yangu." Jibu hilo linaniuma mpaka leo. Mtu anayeishi kwa kuuza sola alipaswa kujua, na kama alijua akanyamaza, alitudanganya tukimtazama usoni.

Stima ya Kenya si ya makaa ya mawe kama ya nchi nyingine. Karibu asilimia 90 inatoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Na wewe uko Nakuru! Olkaria iko kwenye kaunti yenu, kule Naivasha, na mvuke wake umekuwa ukitoa stima tangu 1981. Menengai, hapo juu ya mji wenu, kuna mtambo wa megawati 35 ulioanza kazi 2023. Sisi wa Kisumu tuna Sondu Miriu, megawati 60 za maji ya mto. Yapo mafuta yanayochomwa, hasa jioni watu wakiwasha vitu vyote kwa pamoja, lakini ni sehemu ndogo. Kwa hiyo ukiondoa stima hiyo ukaweka sola, umeondoa kisafi ukaweka kisafi.

Baada ya fundi kumaliza kazi, tokeni zetu zilishuka kutoka yuniti 95 hivi kwa mwezi hadi kama 60. Tulishangilia, tukapiga picha juu ya mabati. Sasa piga hesabu: kwa stima ya hapa kwetu, hizo yuniti 35 ni kama kilo tatu, nne za hewa ukaa kwa mwezi mzima. Basi. Na chini ya paneli hizo hizo, nje ya mlango wa jikoni, kulikuwa na gunia la makaa limeegemezwa ukutani, kando yake jiko ambalo halikupoa tangu asubuhi.

Aliyetufungua macho ni mama anayetuuzia omena. Alikuja jioni moja kudai pesa zake, akatazama juu ya nyumba, akatazama lile gunia, akaniuliza, "Wanangu, mmeweka jua huko juu, halafu huku chini mnachoma miti?" Sikuwa na jibu. Nilimlipa deni lake nikaingia ndani.

Usiku ule tulikaa mezani na daftari la kurasa 32, karatasi zikachafuka kwa vidole vyetu vyenye masizi. Tulikuwa tunamaliza magunia mawili kwa mwezi. Kesho yake tukapeleka gunia jipya kwa jirani mwenye posho mill, mizani ikasema kilo 36. Kilo moja ya makaa ikiungua hutoa karibu kilo tatu za hewa ukaa, kwa hiyo magunia yetu mawili yalikuwa yanatoa zaidi ya kilo 200 kila mwezi. Weka hizo kilo 200 kando ya zile nne za sola. Na bado hujafika kwenye tanuri, kule kuni zinakochomwa ziwe makaa. Kwenye tanuri la udongo, kilo moja ya makaa hula kilo sita hadi kumi za kuni, na moshi wake una gesi mbaya kuliko hewa ukaa yenyewe. Nyumba moja ya vijana sita Migosi ilikuwa inamaliza kama nusu tani ya miti kwa mwezi. Mtu atasema mti ukichipuka tena hunyonya ile hewa. Ni kweli ukiachwa uchipuke. Nani kati yetu amewahi kumuuliza muuza makaa gunia limetoka shamba gani, na baada ya kukata kumepandwa nini?

Sola yenyewe nayo haikudumu. Betri yetu ilikuwa ya asidi, aina ambayo chaji yake haitakiwi kushushwa chini ya nusu, na huyo muuzaji hakututajia hilo hata siku moja. Tulikuwa tunapiga pasi usiku mpaka inveta inalia. Miezi 13, betri ikafa. Mvua ya masika ikaingia kwenye matundu ambayo fundi alitoboa kwenye mabati, godoro la mwenzetu likalowa, na tulipohama mwenye nyumba akakata elfu 12 kwenye diposti yetu. Nyumba ya kupanga, dadangu! Unafunga mali yako kwenye paa la mtu mwingine. Vyote tuliviuza elfu 19.

Sisemi sola ni mbaya. Nyumba isiyo na stima, inayotumia koroboi au jenereta, sola ni mkombozi. Ninyi mna stima.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja, na kishike hata kama mengine yote utayasahau: hesabuni moto mwezi mzima kabla hamjanunua kifaa chochote. Funga daftari na kalamu kwa uzi kwenye mlango wa jikoni. Kila anayenunua makaa anaandika tarehe na kipimo, gunia, debe au gorogoro. Mtungi wa gesi ukiisha, andika. Kila Jumapili mtu mmoja asome mita ya stima aandike yuniti. Siku 30, na hakuna kununua chochote hata muuzaji apunguze bei vipi. Atapunguza. Wetu alipunguza mara mbili kwa wiki moja, na tukadhani tumebahatika.

Daftari ndilo lililotuonyesha kitu ambacho tulikuwa tunakiona kila jioni bila kukiona. Watu sita, ugali sita. Anayetoka kazini saa kumi na mbili anawasha jiko, anasonga, anakula, makaa yanabaki yanawaka bure. Saa mbili anaingia mwingine, anaongeza makaa. Siku ya maharagwe ndiyo mbaya zaidi: yalikaa motoni masaa matatu na nusu, tukajaza jiko mara tatu, na yote ni kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuyaloweka usiku.

Tukaanza na hilo. Zamu ya kupika, sufuria moja kwa wote, anayechelewa anawekewa. Kulikuwa na maneno, sitakuficha. Mmoja hakula na sisi wiki mbili kwa sababu ya chumvi. Maharagwe na nyoyo, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, zinalowekwa usiku. Tukatengeneza kikapu cha kupikia: kikapu kikubwa cha sokoni Kibuye, ndani sweta kuukuu na blanketi iliyochanika, sufuria inachemka dakika 20 tu, inatolewa motoni, inafunikwa humo vizuri, na inaendelea kuiva yenyewe hadi jioni. Mwezi huo tukashuka kutoka magunia mawili hadi moja na kidogo, na hatukutoa hata shilingi, kikapu kilikuwa cha dada mmoja.

Baadaye ndipo tukachanga tena, safari hii elfu 9, tukanunua sufuria ya presha ya umeme. Nilisoma mita kabla na baada ya kupika maharagwe ya watu sita: nusu yuniti na kidogo. Hiyo haifiki shilingi 20, na gorogoro la makaa hulipati kwa bei hiyo. Wenzako wakisema stima ni ghali, wape hesabu hiyo. Ila muwe macho na mita ya pamoja, kwa sababu matumizi yakipita yuniti 100 kwa mwezi bei ya yuniti inapanda. Ugali na chapati tunapikia gesi. Kilo ya gesi nayo hutoa karibu kilo tatu za hewa ukaa, kama makaa, lakini moto wake unauzima ukimaliza, na mtungi wa kilo 13 unatukalisha wiki tano. Makaa sasa ni debe moja kwa mwezi, la samaki wa kuchoma Jumapili, na tunachomea nje. Kama kuna mtu kwenu huingiza jiko chumbani usiku wakati wa baridi ya Nakuru, mkatazeni leo leo. Hewa yake inaua watu wakiwa usingizini.

Usafiri: panda matatu, boda iwe ya dharura. Takataka na maji, wapo humu wanaojua kuliko mimi, wakujibu.

Wewe anza leo jioni. Mwezi ukiisha rudi uandike hapa magunia mangapi, mitungi mingapi, yuniti ngapi, nami nitakaa nipige hesabu na wewe kilo kwa kilo. Muuzaji akipiga simu kesho kuuliza pesa, mwambie mko ukurasa wa kwanza.