Barua kwa mwanangu: vyuo vya kijana mwenye daraja la pili

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza mjukuu wangu aombe vyuo gani, maana matokeo yametoka naye bado yuko kambini JKT, Jeshi la Kujenga Taifa: mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), Kemia C, Biolojia C, Fizikia D. Daraja la pili, pointi 10. Umeniambia na maneno ya majirani, kwamba asipoingia chuo kikuu cha afya cha Muhimbili kidato cha tano na cha sita vimeenda bure. Waache waseme. Hayo ni matokeo ya kijana aliyesoma, na vyuo vya kumchukua vipo. Linalotakiwa ni kuvijua mapema kabla dirisha la udahili halijafungwa, na kwa kuwa yeye huko aliko simu haishiki anapotaka, kazi hiyo itabidi uibebe wewe.

Anza kwa kuzihesabu alama upya. Pointi 10 ni hesabu ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, ambako C ni 3 na D ni 4, na kadiri jumla inavyokuwa ndogo ndivyo matokeo yanavyokuwa mazuri. Vyuo vikuu haviendi hivyo. TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, inahesabu kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Kwa hesabu hiyo kijana ana 3, 3 na 2, jumla 8. Hapa wengi hujichanganya: wanaona kozi inataka pointi 8, wanatazama slipu yenye 10, wanadhani zimezidi. Liandike hilo 8 mahali unapoliona, ndilo utakalolitumia kuanzia sasa. Sharti la jumla la kuingia shahada ya kwanza ni prinsipo mbili (ufaulu wa A hadi E) za masomo husika zenye jumla ya pointi 4, kwa hiyo swali la kama ataingia chuo kikuu usilipe nafasi kichwani. Swali ni kozi ipi na wapi.

Halafu ingia tovuti ya TCU, upakue Mwongozo wa Udahili wa mwaka huu. Iko miwili, mmoja wa waliomaliza kidato cha sita na mwingine wa wenye stashahada. Chukua wa kidato cha sita. Wa mwaka jana usiutumie hata kama mtu wa steshenari tayari ameuchapa, kwa sababu masharti na nafasi hubadilika. Tafuta jedwali la chuo, uweke rula chini ya mstari wa kozi moja, usome mpaka mwisho: jina la kozi, namba yake, sifa za kuingilia, pointi za chini, miaka ya masomo, na idadi ya nafasi. Watu husoma jina na pointi, wakafunga kitabu. Kwenye sifa za kuingilia soma hadi nukta ya mwisho. Hapo ndipo utakuta kwamba Kemia isipungue C, au kwamba mwombaji awe amefaulu BAM, ile Hisabati ya ziada ya kidato cha tano na sita, na kama hakufaulu BAM basi awe na alama fulani ya Hisabati kidato cha nne. Sharti dogo la namna hiyo ndilo linalomwangusha mwenye pointi za kutosha, na mfumo wa maombi haumwelezi kwa nini.

Safu ya nafasi nayo iangalie sana. Kozi mbili zinaweza kuwa na pointi za chini sawa, moja ina nafasi 30 na nyingine 200. Kutimiza sharti kunakupa ruhusa ya kuomba tu. Baada ya hapo waombaji wanashindanishwa kwa alama mpaka nafasi ziishe. Udaktari wa Muhimbili unaombwa na wenye A na B wa nchi nzima. Mwenye 8 hajakatazwa kuomba, lakini akiweka matumaini yake yote pale, awamu ya kwanza itapita mikono mitupu, na awamu ya pili hushindaniwa nafasi zilizobaki tu.

Kwa hiyo maombi yake uyapange kwa ngazi. Chuo kimoja kiwe cha kujaribu: kama anaupenda udaktari kwa dhati, aombe sehemu moja, iwe UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), au chuo cha afya cha UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) kilichoko Mbeya, au chuo cha afya cha Bugando kule Mwanza. Moja inatosha. Ni miaka 5 darasani na wodini, kisha mwaka wa mafunzo kwa vitendo, na kwenye vyuo visivyo vya serikali ada yake inaweza kuwa mara mbili au tatu ya ile ya vyuo vya umma.

Ngazi ya pili ndiyo yake hasa, na ndiyo ningependa muikalie chini muizungumze. Muhimbili yenyewe haifundishi udaktari peke yake. Kuna uuguzi, sayansi ya maabara za afya, radiografia (upigaji wa picha za eksirei), na afya ya mazingira, kozi inayotoa wale maofisa afya wa halmashauri. Anayetamani Muhimbili anaweza kuifikia kwa mlango huo, mradi awe anaitaka kozi yenyewe. Chuo cha hospitali ya KCMC pale Moshi wana fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), wana optometria (upimaji wa macho), na wana TATCOT, mahali panapofundishwa utengenezaji wa viungo bandia na vifaa vya kunyoosha viungo. Hii ya mwisho vijana wengi hawajawahi hata kuisikia. Mwanafunzi anachukua umbo la kisiki cha mguu kwa plasta, analichonga mpaka linakaa sawa, anatengeneza juu yake kikombe cha mguu bandia, kisha anasimama na mgonjwa kwenye vyuma vya kushikilia, anamtazama anavyokanyaga, analegeza hapa na kukaza pale. Kijana mwenye mikono mitulivu na C mbili za sayansi anaweza kufanya maajabu humo. Na SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, Morogoro kuna udaktari wa mifugo, miaka 5, ambao watu wanaupita tu kwa sababu mtaani daktari ni wa binadamu.

Ngazi ya tatu ni ya uhakika, yaani kozi ambazo pointi zake 8 ziko juu ya kiwango cha chini na nafasi ni nyingi. SUA wana lishe, sayansi ya chakula, sayansi ya wanyama na ufugaji wa samaki. Ualimu wa Kemia na Biolojia uko UDSM, kwenye vyuo vyake vya ualimu vya DUCE na Mkwawa, na UDOM. Kwangu lishe ni kozi nzuri isiyosifiwa inavyostahili: halmashauri zina maofisa lishe, hospitali zinawahitaji, viwanda vya vyakula vinawahitaji. Ila usimwandikie kozi ya uhakika ambayo hataki kuisikia. Akichaguliwa huko atakwenda kwa unyonge, na mwaka wa kwanza ndio unaokula wanafunzi wa namna hiyo, kwa masomo ya kurudia na kisha kuondolewa chuoni. Kama kuna namna ya kuongea naye Jumapili, msomee majina ya kozi za ngazi ya pili na ya tatu, umsikilize anashtuka wapi na anafurahi wapi.

Ukishapata orodha ya vyuo vinne hivi, piga simu ofisi ya udahili ya kila kimoja, uulize mambo ambayo hayamo kwenye kipeperushi. Mafunzo kwa vitendo yanaanza mwaka wa ngapi, na hospitali gani? Wanafunzi wangapi wanakuwa wodini kwa pamoja? Kwenye maabara, hadubini moja wanaitumia wangapi? Mwaka wa kwanza wanapata hosteli au wanapanga mtaani? Chuo chenye hospitali yake kubwa pembeni, kama Bugando, KCMC au Mbeya, humpa mwanafunzi wagonjwa wa kujifunzia kila siku. UDOM nao wana Hospitali ya Benjamin Mkapa jirani. Chuo kinachowapeleka wanafunzi mbali mara mbili kwa mwaka ni jambo jingine, na nauli ni yako. Kwa kozi za afya uliza pia kama baraza la taaluma husika, la wauguzi, la maabara au la famasi, linawasajili wahitimu wake. Shahada isiyosajiliwa haimruhusu kufanya kazi.

Kuhusu fedha, mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, huombwa peke yake, mbali na chuo, kwenye mfumo wa Bodi, na ada ya maombi ni shilingi 30,000. Usingoje achaguliwe kwanza. Cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa vizazi na vifo, mapema, maana hapo ndipo foleni inapokuwa. Fomu inataka saini ya serikali ya mtaa, mdhamini mwenye picha na kitambulisho, na muhuri wa wakili au hakimu. Ukurasa mmoja usiposainiwa maombi yanahesabika hayajakamilika. Fedha ya chakula na malazi, bumu kama wanavyoiita, ni shilingi 10,000 kwa siku, lakini sehemu ya ada hutegemea hali ya familia, na wengi hawapati ada yote. Kwa hiyo kila ada ya chuo unayoiandika, jiulize kama nusu yake mnaweza kuitoa mfukoni kwa miaka yote. Kama jibu ni hapana, chuo hicho kitoe kwenye orodha sasa hivi. Akishaajiriwa, marejesho ni asilimia 15 ya mshahara wa mwezi, naye alijue hilo mapema.

Sasa maombi yenyewe. Tangu 2017 TCU haipokei maombi ya pamoja. Kila chuo kina mfumo wake, na ada kwa kawaida ni shilingi 10,000 kwa chuo, inayolipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo (control number). Andika namba ya mtihani ya kidato cha nne na ya sita ukiwa umeshika vyeti mkononi, pamoja na mwaka. Majina yafanane kwenye cheti cha kuzaliwa, kidato cha nne na maombi ya mkopo. Herufi moja ikipishana, mifumo haimtambui kuwa mtu mmoja. Barua pepe iwe yake, si ya steshenari, na nywila uiandike kwenye daftari. Namba ya simu iwe yako, laini inayoshika muda wote. Akichaguliwa vyuo viwili au zaidi, atatumiwa msimbo wa siri kwa ujumbe mfupi ili athibitishe kimoja ndani ya siku chache. Ukiandika namba yake, ujumbe utaingia kwenye simu iliyozimwa kambini, muda utaisha, na nafasi itakwenda kwa mwingine. Waliopo JKT hukumbwa na hili kuliko wengine wote.

Umegusia habari ya kurudia mtihani, na ya kuanza na stashahada ya utabibu. Kurudia kwa alama hizi silikubali. Mwaka mzima kuitafuta B isiyo na hakika, wakati kozi nzuri ziko wazi leo. Stashahada ni njia ya heshima, na akimaliza na wastani wa 3.0 anaweza kuomba shahada, lakini ni miaka 3 kabla ya ile 5. Iwekeni akiba, endapo awamu zote za vyuo vikuu zitapita.

Kitu kimoja sijakiona kwenye ujumbe wako: alama zake za kidato cha nne, hasa Hisabati na Kiingereza, na kama BAM alifaulu. Nipigie picha vyeti vyote viwili jioni ya leo. Kama Hisabati ni F na BAM hakupata, kuna kozi za ngazi ya pili tutazifuta, na afadhali tuzifute kabla hujalipia.

Mama yako