Mpwa alipitiwa na shetani, Mchaga "ni damu yao"

BARUA KWA MWALIMU

Mwalimu, shikamoo. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, upande wa Msamvu. Natafuta kijana wa kukaa kaunta na kusimamia stoo. Wamekuja wanne: Mchaga, Mgogo, Mluguru na Msukuma. Mimi si mkabila hata kidogo, marafiki zangu ni wa kila kabila, ila uzoefu umenifundisha. Kijana wa kwanza niliyemwajiri alikuwa mtoto wa dada yangu. Mwaka ule mambo yalikuwa magumu, shetani akampitia, akachukua fedha kidogo, tukayamaliza kifamilia. Baada yake nikamchukua Mchaga. Huyo alikuwa anapitisha mabati mlango wa nyuma. Wale pesa ni damu yao. Mke wangu naye anasema nisimchukue Mgogo, kazi yao kuomba, kila wiki atakuwa analia mkopo. Nimchukue nani?
— Mwenye duka, Morogoro

Marahaba, baba. Kwanza msalimie mkeo, umwambie maneno yake yamefika salama kwangu, Mgogo wa Mvumi. Mbukwa!

Barua yako nimeisoma nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, ndivyo nilivyozoea kusoma maandishi ya watu, na nimepiga mstari sehemu mbili tu. Umeibiwa na vijana wawili. Wa kwanza umemweleza kwa mwaka mgumu, kwa shetani, kwa "fedha kidogo" na kwa kikao cha familia. Wa pili umemweleza kwa damu. Mabati yalikuwa mangapi hukusema. Kama naye mwaka wake ulikuwa mgumu hukusema, na nadhani hukumuuliza. Pengine alikuwa na mgonjwa wodini. Pengine alikuwa mwizi tu, wapo. Lakini wewe hukuhitaji kujua, kwa sababu jibu ulikuwa nalo kabla hata bati la kwanza halijatoka.

Halafu mpwa wako naye ana kabila. Hilo hukuliandika.

Kuna mtaalamu wa Marekani, Thomas Pettigrew, aliyeandika mwaka 1979 kuhusu jambo hili hili. Alisema mtu wa kundi jingine akifanya baya, tunasema ndivyo alivyozaliwa. Akifanya jema, tunasema amebahatika, au huyo si kama wenzake. Wa kwetu tunamgeuzia: jema ndiyo tabia yake, baya limemkuta tu. Na hatufanyi hivyo kwa hila. Wewe ulipokuwa unaandika barua ulikuwa unasema ukweli wako, nami naamini hivyo.

Hata bila kabila kuingia, tuna ugonjwa wa kumsoma mtu kwa kile anachofanya na kusahau alichobebeshwa. Mwaka 1967 watafiti Edward Jones na Victor Harris waliwapa watu insha, nyingine zikimsifu Fidel Castro, kiongozi wa Cuba, nyingine zikimpinga. Hata pale wasomaji walipoambiwa kwamba mwandishi hakujichagulia upande, bali alipangiwa, bado walimwona aliyesifu kuwa anampenda Castro kuliko aliyepinga. Waliosimamia midahalo shuleni hawatashangaa. Unampangia mtoto atetee hoja kwamba fimbo ziongezwe, anatetea vizuri kama alivyotakiwa, akishuka jukwaani darasa zima linamnunia wiki nzima.

Sasa huo uzoefu wako. Ni kijana mmoja. Huyo kijana pengine alikuwa pia mrefu, Mlutheri, shabiki wa Simba na kitinda mimba. Mbona hukuniandikia kwamba vitinda mimba wizi uko kwenye damu, usiajiri kitinda mimba? Kwa sababu hakuna aliyekusimulia habari za vitinda mimba tangu ukiwa mdogo. Za Wachaga umesimuliwa, kwa hiyo tukio moja likapata mahali pa kukaa.

Kwamba utawakuta Wachaga wengi kwenye biashara, hilo nakubali, sina sababu ya kubisha. Lakini ukienda Kilimanjaro ukaona kihamba, yaani shamba la ukoo, kilivyogawanywa baba kwa mwana hadi kimebaki migomba ya kuhesabu, utaelewa kwa nini kijana anashuka kutafuta duka. Ardhi imembana. Mmasai angezaliwa pale na akakuta migomba ile ile angeshuka pia.

Kuhusu sisi Wagogo nitakaa kidogo zaidi, unisamehe, barua imeniangukia mimi. Dodoma kwa wastani inapata mvua chini ya milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Ikikosea, imekosea mpaka mwakani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani, kisha Waingereza, walipita Ugogo wakichukua ng'ombe, nafaka, na wanaume wa kubeba mizigo ya jeshi. Mvua nazo zikakatika. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, inaitwa Mtunya. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichunguza, anaandika kwamba iliua watu kama 30,000 kati ya 150,000. Waliobaki na nguvu ya kutembea walitoka kwenda kuhemea kwa majirani, na hata baada ya hapo, kila mvua ilipokosea, watu walitoka tena. Hapo ndipo utani wa ombaomba unapopata chakula chake. Na mwangalie Mgogo unayemhesabu: ni yule aliyekaa Kariakoo na kopo. Anayelima zabibu Hombolo hujawahi kumwona, kwa hiyo hayumo kwenye hesabu ya mkeo.

Utani wenyewe siuchukii, msinielewe vibaya. Mtani wa kweli anakutukana msibani huku amebeba sufuria la wali wa wafiwa. Anayekunyima kazi kwa ajili ya kabila lako hajabeba sufuria lolote.

Serikali iliacha kuuliza kabila kwenye sensa baada ya ile ya 1967. Wewe umewauliza wote wanne, au umekisia kwa majina. Na hapa ndipo ushauri wangu ulipo, maana sitakuambia ukaisafishe roho yako. Sina imani na kazi hiyo. Mtu akikaa kitako kutafuta upendeleo wake moyoni hauoni, kisha anainuka akijiamini zaidi kuliko alivyokaa. Afadhali uupange utaratibu ili upendeleo ukija ukose pa kushika.

Angalia mtihani wa taifa. Mtoto haandiki jina, anaandika namba. Msahihishaji hajui kama mbele yake kuna Mkurya au Mzigua, na kila mmoja ana swali lake, kwa hiyo aliyefurahishwa na swali la kwanza siye anayetoa alama za la tano. Kinachobaki ni mwandiko tu, nao una kesi zake. Nimekaa na walimu wazuri kabisa mezani ambao insha yenye mwandiko wa kupendeza ilikuwa inawatoa alama mbili tatu bila wao kujua. Unawaonyesha hoja zenyewe zikiwa nyepesi kama pamba, wanabisha, mpaka uwasomee kwa sauti huku karatasi umeificha. Mtaalamu wa saikolojia Edward Thorndike aliliona hilo kwa wanajeshi mwaka 1920: ofisa akimpenda askari kwa umbo, alama za akili na za uongozi nazo zinapanda.

Basi fanya hivi. Kabla hujawaita, kaa na mkeo muandike mnachotaka: hesabu, lugha kwa wateja, kujua bidhaa, uaminifu. Muandike kwanza, maana mkishawaona watu mtaanza kubadili mnachotaka ili kimfae mliyempenda. Wape wote maswali yale yale kwa maandishi. Mteja anataka misumari ya inchi nne kilo mbili na nusu, kilo ni shilingi 4,500, ametoa 20,000; arudishiwe ngapi? Mteja analeta bati lililopinda anasema lilitoka hapa jana, hana risiti, unamwambiaje? Fundi anakunong'oneza umwandikie mifuko kumi ya saruji anachukua minane, unafanyaje? Nyuma ya karatasi waandike namba, majina abaki nayo mkeo. Wewe sahihisha swali la kwanza kwa wote wanne, ndipo uende la pili. Ukimaliza jumlisha, kisha muulize mkeo namba hiyo ni ya nani.

Uaminifu hautoki kwenye karatasi, hilo najua. Kwa huo dai wadhamini wawili na barua ya serikali ya mtaa, kwa wote, hata kwa atakayekupendeza. Halafu funga huo mlango wa nyuma. Hesabu stoo kila Jumamosi, bati kwa bati, nondo kwa nondo, ulinganishe na daftari la mauzo. Mpwa wako na yule Mchaga waliiba kwa zamu katika duka lile lile, na duka hilo, kwa jinsi ulivyolieleza, hakuna aliyekuwa analihesabu. Mimi ningeanzia hapo kabla ya kuanzia kwenye damu ya mtu.

Nimchukue nani, umeuliza. Mwenye alama nyingi. Akiwa Mgogo, unitumie ujumbe.


Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Mbeya. Nilifanya ule mtihani wa kompyuta wa upendeleo uliofichika, ulioko kwenye tovuti ya Harvard, unaobonyeza vitufe haraka haraka kwa picha za sura na maneno mazuri na mabaya. Ukaniambia napendelea sura za Wazungu. Mimi ni mweusi, nimezaliwa Tukuyu! Je, najichukia?
— Mwanafunzi, Mbeya

Tulia, mwanangu. Mtihani huo, ambao Anthony Greenwald na wenzake waliutangaza mwaka 1998, unapima kasi ya vidole vyako kuunganisha vitu viwili. Ukiurudia wiki ijayo unaweza kupata jibu jingine. Waliouasisi wenyewe wameonya usitumike kumpima mtu mmoja mmoja, na watu weusi waliopata jibu kama lako si wachache. Umekulia kwenye nchi ambayo mabango ya sabuni na losheni yanakuonyesha uso mweupe ukicheka, na mkorogo unauzwa chini ya meza hata baada ya kupigwa marufuku. Vidole vimesoma mabango.

Ningekushauri uangalie matendo kuliko vidole. Watafiti Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma barua za kuomba kazi karibu 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago, wakazipa majina kwa bahati nasibu: nyingine Emily na Greg, yanayosikika ya kizungu, nyingine Lakisha na Jamal, yanayosikika ya Wamarekani weusi. Sifa zilikuwa zinalingana. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2004 yalionyesha kwamba majina ya kizungu yalipigiwa simu kwa asilimia 50 zaidi. Hao waajiri nao sidhani kama walikuwa wanajiona wabaguzi. Kama unataka kujipima, angalia simu yako: mwezi huu ulipohitaji msaada wa masomo ulimpigia nani, na nani darasani hujawahi kumuuliza chochote ingawa anafaulu?


Mwalimu, wanangu wawili, mmoja Simba mwingine Yanga, hawaongei tangu dabi kwa sababu ya penalti ya mpira wa mkono. Wameangalia televisheni moja, wamekaa kochi moja! Kila mmoja anasema mwenzake anadanganya makusudi. Nani mkweli?
— Mama yao, Tabata

Wote wawili, mama, na hapo ndipo shida ilipo. Novemba 1951 vyuo vya Princeton na Dartmouth vilicheza mpira wa Kimarekani, mechi ya fujo, huyu kavunjika pua, yule kavunjika mguu. Watafiti Albert Hastorf na Hadley Cantril wakawaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili filamu ile ile, wakawaambia wahesabu makosa. Wa Princeton waliona wachezaji wa Dartmouth wamefanya makosa zaidi ya mara mbili ya yale waliyoyaona wa Dartmouth wenyewe. Utafiti wao ulitoka mwaka 1954 na mpaka leo unanukuliwa. Hakuna aliyedanganya. Kila upande uliangalia mechi yake.

Wanao wakubaliane kwa jambo dogo. Kabla ya dabi ijayo waandike kwenye karatasi moja mkono ukiwa wapi ni penalti na ukiwa wapi si penalti, wasaini wote, ubaki nayo wewe. Wakianza kubishana unaitoa. Ukiona haisaidii, wanunulie televisheni ya pili.

Hiyo penalti yenyewe niliiona. Mkono ulikuwa umebana kabisa ubavuni, refa alituonea mchana kweupe. Ila na mimi nikuambie, kwetu nyumba nzima ni Yanga.