Utando wa dampo: una nguvu au ni mgumu?

SWALI: Mimi ni fundi wa maabara hapa Mwanza. Tunapima utando mweusi wa plastiki unaotandikwa chini ya dampo ili maji machafu ya taka yasipenye ardhini na kufika ziwani. Kwenye ripoti mwenzangu anaandika "ugumu wa utando", mimi naandika "nguvu". Nani yuko sahihi?

JIBU: Wewe, ila neno lako peke yake halitoshi.

Kigumu ni kile kisichopindika wala kubonyea. Jiwe la Bismarck ni gumu. Utando wenu huviringishwa kama mkeka, na sifa yake kubwa ni kuvutika. "Uimara" uwekeeni habari ya miaka: jua, joto, kemikali.

Sasa nguvu, lakini dhidi ya nini? Nenda Mwaloni, Kirumba, uwasikilize wavuvi. Kamba hukatika, wavu huchanika, mtumbwi hutoboka, kiraka hubanduka. Hutamsikia mvuvi akisema kamba imechanika. Nimependa sana jambo hili tangu zamani: kila dhara lina kitenzi chake, nanyi maabara kila dhara lina kipimo chake. Kipande chenye kiuno chembamba hubanwa ncha mbili na kuvutwa, kwa kawaida milimita 50 kwa dakika, mpaka kikatike. Kingine husukumwa na ncha ya chuma mpaka kitoboke. Kingine huchanwa. Na pale vipande viwili vya utando vilipounganishwa kwa joto, mnajaribu kuvibandua.

Basi andika "nguvu ya kustahimili kuvutwa", "kutobolewa", "kuchanwa", "kubanduliwa". Tumia -wa, kwa sababu mashine ndiyo inayotenda. Matokeo yaandike kwa -ka: "kipande kilikatika", "kiungo kilibanduka".

Hujaniuliza, ila hapa wengi huteleza: kurefuka "kwa" na kurefuka "hadi". GRI-GM13, kiwango cha ubora cha utando wa HDPE (plastiki ya polithini nzito), kinautaka ule wenye uso laini, usio na mikwaruzo, urefuke kwa asilimia 700 au zaidi kabla ya kukatika. Sentimita 5 zikirefuka kwa asilimia 700 zinafika 40. Zikirefuka hadi asilimia 700 ya urefu wa mwanzo, zimeishia 35, yaani nyongeza ya asilimia 600 tu, na utando huo haufai kutandikwa.